Kikombe Kimoja cha Mafuta: Jibu kwa Kijana Aliyeuza Pikipiki

Jumanne usiku nilikuwa nafungasha spirulina, ule mwani wa kula uliokaushwa, ya mteja wa Dar es Salaam, ujumbe ukaingia kwenye simu.

"Shikamoo mwalimu. Nakufuatilia siku nyingi. Mimi ni kijana wa Kilosa. Nimeuza pikipiki, nina milioni moja na laki saba mkononi. Nataka kuchimba mabwawa nioteshe mwani, nikamue mafuta ya dizeli. Mjomba wangu ana mashine ya kukoboa mpunga, amesema yote atanunua yeye. Naomba unielekeze nianze na mbegu ipi."

Marahaba, mwanangu. Niliusoma ujumbe wako mara nne nikashindwa kuujibu, maana hiyo pikipiki imeniuma kana kwamba nilikuwa na hisa ndani yake. Miaka kumi na miwili iliyopita mimi sikuuza pikipiki. Nilichukua mkopo wa milioni sita kwenye SACCOS ya walimu, kwa ndoto hiyohiyo uliyonayo wewe, neno kwa neno. Mwaka huu wewe ni wa tano kuniuliza kuhusu dizeli ya mwani. Kwa hiyo nakujibu hapa, hao wanne wengine nao wasome.

Kwetu ni Kongwa. Lazima nianzie huko, la sivyo hutanielewa.

Babu yangu alikuwa mmoja wa vijana waliofyeka vichaka vya Kongwa mwaka 1948, Waingereza walipokuja kulima karanga. Vita ilikuwa imeisha na kwao mafuta ya kula yalikuwa haba, wakapanga kulima zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika. Matrekta yakaletwa. Mibuyu ikakataa kung'oka, mvua ikakataa kunyesha, na udongo wa kiangazi ukawa mgumu kama sakafu ya saruji, jembe la trekta linagonga na kurudi. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, hasara ikafika pauni milioni 36 hivi. Babu alirudi nyumbani na blanketi la kazini na maneno aliyoyarudia mpaka alipokufa: "Walikuja na hesabu, hawakuja na mvua."

Mwaka 2007 ikawa zamu ya baba. Watu walifika kijijini na gari jeupe wakagawa mbegu za mbono kaburi, ule mti unaoitwa pia jatropha, ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya mitambo. Wakasema dunia inaihama petroli, mbono hautaki maji wala mbolea, unaota hata juu ya mawe, na wao watarudi kununua mbegu zote. Baba aling'oa mtama ekari mbili, akapanda mbono. Ukaota vizuri. Lakini mti kuota na mti kuzaa ni vitu viwili, na mbono usiopata maji unazaa kiganja. Wale watu hawakurudi, hata salamu. Baba alifariki mwaka 2011, mbono wake ukiwa umebaki uzio wa zizi. Mpaka leo upo. Mbuzi hawaugusi.

Kwa hiyo mafuta, katika ukoo wetu, si neno jepesi. Na mimi niliyeyajua yote haya, mwaka 2013, nikaingia.

Nilikuwa nafundisha kemia na baiolojia katika sekondari moja hapa Dodoma. Jioni moja nikasoma kwamba ExxonMobil ilitangaza mwaka 2009 kuweka hadi dola milioni 600 kwenye utafiti wa mafuta ya mwani, ikishirikiana na kampuni ya Craig Venter, yule mwanasayansi wa vinasaba. Sikulala. Nilijiambia kampuni iliyotajirika kwa mafuta ya ardhini haiwezi kuweka fedha kama hizo mahali pasipo na kitu. Nikaendelea kusoma. Mwani ule mdogo usioonekana kwa macho, ndugu wa ukoga wa kijani unaoteleza kwenye kuta za tangi la maji, unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja. Hautaki shamba lenye rutuba. Unakula hewa ya ukaa. Aina nyingine, ukizikausha, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta.

Yote hayo ni kweli, nayasema hata leo. Kilichonikosesha ni kwamba nilisoma nusu ya hesabu.

Nilichimba mabwawa matatu nyuma ya nyumba yetu, kule Mkonze. Kila moja mita kumi kwa mbili, kina cha sentimita ishirini, nikayatandika nailoni nzito. Fundi wa baiskeli akanitengenezea makasia ya kukoroga maji, yanazungushwa na mota ya mashine mbovu ya kufulia. Mbegu ya mwani aina ya Chlorella nilipewa na rafiki aliyekuwa na maabara. Wiki ya tatu maji yakawa ya kijani cha jani la mgomba, na mimi nikawa mtu mwingine. Mkuu wa shule alileta wageni kuona. Niliwaambia wanafunzi wangu, mbele ya darasa zima, kwamba siku moja lori litapita barabara ya Dodoma kwa mafuta yangu.

Wiki ya sita niliamka nikakuta bwawa la kwanza lina rangi ya chai ya rangi. Chini ya hadubini nikaona wadudu wadogo wenye mdomo unaozunguka kama feni, wanameza mwani wangu. Siku mbili, bwawa limekwisha. Nikamwaga, nikasugua, nikaanza upya. La pili likafa hivyohivyo. Upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba ukaleta vumbi, na ndani ya vumbi mbegu za ukoga mwingine usio na mafuta yoyote, wenye nguvu kuliko wangu. Sikujua wakati ule kwamba yaliyonipata mimi yaliwapata Wamarekani kabla yangu. Serikali yao iliendesha mradi wa mafuta ya mwani tangu 1978 hadi 1996, wakatumia dola milioni 25 hivi, wakakusanya aina zaidi ya 3,000 za mwani. Walijenga mabwawa ya mita za mraba 1,000 huko Roswell, jimbo la New Mexico. Siku nzuri walipata mpaka gramu 50 kwa kila mita ya mraba, lakini baridi ya usiku ya jangwani ikayarudisha mavuno nyuma, na mwani waliouchagua maabara ukasukumwa na mwani wa porini uliojiingiza wenyewe bwawani.

Mavuno yangu nilikuja kuyapata mwezi wa saba tangu nianze. Yaandike haya mahali, mwanangu, maana ndiyo moyo wa barua hii.

Mabwawa yote matatu yakijaa yalikuwa na lita 12,000 za maji. Maji yanaonekana ya kijani kibichi, jicho linakudanganya kwamba ni uji. Lakini mwani uliomo, ukiukausha, ulikuwa karibu gramu 0.3 kwa lita. Zidisha. Ni kilo tatu na nusu hivi. Lita elfu kumi na mbili za maji, mapipa sitini, kwa kilo tatu na nusu za unga. Na Chlorella ni mdogo mno, unapita kwenye kitambaa chochote. Nilitumia shabu, ile ya kusafishia maji ya kunywa, mwani ukashikana na kuzama. Nikachota tope, nikalianika juu ya mabati, nikalipeleka maabara ya shule jioni jioni na kulilowesha kwenye heksani kutoa mafuta.

Nilipata kikombe kimoja cha chai.

Kikombe kimoja cha mafuta meusi ya kijani yenye harufu ya dagaa. Dizeli kituoni wakati ule ilikuwa kama shilingi 2,000 kwa lita. Mimi nilikuwa nimeshatumia milioni nne na laki tatu. Mafuta hayo ninayo bado, yako kwenye chupa ya jemu juu ya kabati la jikoni, na mume wangu akitaka kuitupa tunagombana.

Kuna nusu nyingine ya hesabu ambayo sikuisoma. Mwani hauweki mafuta mwilini ukiwa umeshiba. Unaweka ukinyimwa nitrojeni, yaani ukiwa na njaa. Na ukiwa na njaa hauongezeki. Kwa hiyo unachagua: mwani mwingi usio na mafuta, au mwani wa mafuta usioongezeka. Wanasayansi wameshindana na fundo hilo miaka mingi. ExxonMobil wenyewe walisema mwaka 2018 kwamba ifikapo 2025 wangekuwa na uwezo wa kitaalamu wa kutoa mapipa 10,000 kwa siku. Mwanzoni mwa 2023 ikajulikana wameuacha mradi, baada ya kutumia dola zipatazo milioni 350. Mwaka huo nilisoma habari ile nikiwa nimesimama kwenye mlango wa kitalu, nikalia. Sikulia kwa furaha ya kusema nilijua. Nililia kwa sababu kumbe sikuwa mjinga peke yangu kama nilivyoambiwa.

Maana niliambiwa. Ofisini kwa walimu, saa ya chai, mwenzangu mmoja alinipa jina: "mwalimu wa ukoga". Likashika. Wanafunzi wakalipata. Muhula mzima nilikunywa chai yangu darasani, mlango umefungwa. Mume wangu hakunilaumu hata siku moja, aliuza ng'ombe wawili wa mahari ya dada yake tukalipa ada ya mtoto, akanyamaza, na ule unyamavu ulinichoma kuliko jina. Aliyenipa jina alinipigia simu mwaka jana kumwombea mwanawe kazi. Kijana nimempa kazi, anafanya vizuri, anachuja asubuhi na kukausha mchana. Jina sijalisahau.

Sasa nikwambie nilivyotoka.

Nilisoma habari za wanawake wa Kikanembu, kando ya Ziwa Chad. Kwa vizazi wamekuwa wakichota ukoga wa kijani kwenye vidimbwi vya maji ya magadi, wanaumwaga juu ya mchanga, jua linaukausha, wanaukata vipande na kuupikia mchuzi. Wanauita dihé. Ndiyo spirulina hiyo. Kisha nikakumbuka kitu nilichofundisha miaka yote bila kukitazama: heroe, wale flamingo wadogo wa Natron, Bogoria na Nakuru, wanakula nini mpaka wakawa na rangi ya waridi? Wanakula mwani huohuo. Chakula kiko kwenye Bonde la Ufa tangu dunia iumbwe, maji yake ni ya magadi kiasi kwamba ng'ombe hayanywi, na mimi nilikuwa nahangaika na Chlorella kwenye maji matamu ambamo kila mdudu anaweza kuishi.

Ukiielewa tofauti hiyo, umeielewa biashara yangu yote. Spirulina inapenda maji yenye pH ya 9 mpaka 11, yaani ya magadi makali, huko wapinzani wengi hufa. Inapenda joto la nyuzi 30 mpaka 37, na Dodoma jua tunalo. Imejikunja kama springi, ndefu kiasi kwamba kitambaa chembamba kinaikamata, huhitaji shabu wala mashine. Zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu ni protini. Mafuta yake ni kidogo sana, na hilo ndilo lililoniokoa, kwa sababu lilinilazimisha kuacha kutafuta mafuta. Dizeli unauza kwa lita, unashindana na meli za Uarabuni. Spirulina unauza kwa gramu.

Mwaka 2015 nilisafiri mpaka Kajiado kwa mkulima mmoja aliyekubali kunigawia mbegu. Alinipa chupa ya lita mbili. "Kifuniko usikikaze," aliniambia, "nayo inapumua." Niliipakata kutoka Namanga. Gari likaharibika kabla ya Kondoa, tukalala porini, na usiku kucha kila nusu saa nilikuwa naitikisa chupa kama anayebembeleza mtoto mwenye homa. Nilifika nyumbani nikaimimina kwenye beseni la kufulia. Beseni moja. Mabwawa yangu matatu yapo pale, makavu, yamejaa majani, na mimi nakoroga beseni kwa mwiko.

Hilo beseni ndilo ushauri wangu. Ningeweza kuishia hapa. Anza na beseni.

Ndani ya beseni utajifunza kila kitu kwa bei ya beseni. Mchanganyiko wa maabara unaojulikana, uliotungwa na mtafiti Zarrouk mwaka 1966, unataka gramu 16.8 za bikaboneti ya soda kwa kila lita ya maji. Sisi wadogo wengi tunaanza na 8, tunaongeza chumvi ya kawaida gramu 5, mbolea kidogo yenye nitrojeni, fosfeti na potasiamu, na chuma. Chuma mimi mwanzoni nilikipata kwa kuloweka misumari kwenye maji ya ndimu wiki mbili. Urea ukizidisha, amonia inaua beseni zima mchana mmoja. Maji ya kisima cha Dodoma yana chokaa nyingi, yakikutana na bikaboneti yanatoa unga mweupe chini. Subiri utulie, uyahamishe maji ya juu. Koroga mara nne kwa siku au zaidi. Siku za kwanza weka kivuli, jua kali linababua mbegu changa.

Kujua wakati wa kuvuna, chukua kijiti, kigongomelee kifuniko cheupe cha chupa, kizamishe. Kikipotea machoni kwenye sentimita tatu, vuna. Usivune chote, chukua theluthi, rudisha maji yaliyochujwa, lisha upya. Ukiona chini ya hadubini springi zimenyooka zimekuwa kama sindano, jua kitambaa chako kitaanza kuzipitisha, tafuta mbegu nyingine.

Makosa mawili nilifanya kwenye beseni na tangi, na namshukuru Mungu sikuyafanya kwenye bwawa. La kwanza ni magadi. Bikaboneti ilikuwa inanimalizia fedha, nikaona magadi ya sokoni, yale ya kulainishia makande, yanauzwa rahisi. Nikayatumia. Spirulina ikastawi ajabu. Mnunuzi wangu wa kwanza wa maana akataka vipimo vya maabara, na floridi ikawa juu. Magadi ya bonde letu yana floridi nyingi. Ndiyo hiyo, pamoja na maji ya visima, inayowatia watoto wa Arusha na Kilimanjaro meno ya kahawia. Nilijua! Nilifundisha! Nikatupa kilo kumi na moja. Kosa la pili, maji machakavu ya tangi niliyamwagia mipapai nikidhani ni mbolea. Yana sodiamu. Mipapai sita ilikauka, na pale mahali mpaka leo panaota nyasi za chumvi tu.

Miaka miwili iliyofuata siwaelezi. Ilikuwa ya kukoroga, kuchuja, kuanika na kufua vitambaa.

Leo nina mita za mraba mia moja chini ya kitalu nyumba, nimeweka chandarua kuzuia nzi wanaotaga funza majini. Kipindi cha joto napata nusu kilo ya spirulina kavu kwa siku, mara nyingine zaidi. Mwezi wa sita na wa saba usiku unapoa, mavuno yanashuka, nasubiri. Daraja la kwanza linakwenda kwa watu wa lishe. La pili linakwenda kwa watengeneza sabuni, linatia rangi ya kijani isiyo ya dukani. Lililobaki wananunua wafuga kuku, kiini cha yai kinakuwa cha chungwa, na wenye vifaranga vya sato. Mkopo wa SACCOS nilimaliza kulipa mwaka 2019. Ualimu niliacha 2020. Wiki iliyopita nimepata oda kubwa kuliko zote tangu nianze, ndiyo ile niliyokuwa nafungasha ulipoandika. Nayasema haya kwa fahari, sitaomba radhi.

Mwaka 2018 nilikwenda Paje, Unguja, kuwaona kina mama wa mwani wa baharini. Nilitaka kuona watu waliotangulia. Mwani wa kulima uliletwa pwani ile ya mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989, kutoka Ufilipino, na waliouchukua mikononi ni wanawake. Wanaufunga kwenye kamba, kamba kwenye vigingi, maji yakitoka wanaingia. Viwanda vya nje vinauhitaji kwa ute wake, karaginani, unaogandisha maziwa na dawa ya meno. Walinihadithia jinsi kotonii, ule wa bei nzuri, ulivyoanza kufa maji ya kina kifupi yalipozidi joto, wakabaki na spinozamu wa bei ndogo, shilingi mia kadhaa kwa kilo. Na nikaona walivyojibu: wakaanza kusaga wenyewe, wakatengeneza sabuni ya mwani, karafuu na mchaichai, kipande kimoja cha sabuni kikauzwa zaidi ya kilo nzima ya mwani mkavu. Mama mmoja alinishika mkono akasema, "Mwalimu, usiuze majani. Uza kilichomo." Nililala nalo neno hilo.

Kwa hiyo wewe na wenzako mnisikilize. Msichimbe bwawa kabla ya kumpata mnunuzi. Nenda kwa mfuga kuku na gramu mia mbili mfukoni, aone yai kwanza. Kama ni ya kula watu, nenda TBS, shirika la viwango, usajili, usiuze gizani. Msichote maji ya kijani ya Ziwa Victoria mkadhani ni mbegu. Ukoga ule unaotanda ghubani Mwanza na Kisumu mara nyingi una Microcystis, unatoa sumu inayoharibu ini, na kwa macho huwezi kuutofautisha. Nunua mbegu kwa mtu unayeweza kwenda kuona bwawa lake. Na anza na beseni.

Na hili nalisema nikiwa nimesimama: msiuze mwani kama dawa ya Ukimwi, ya kisukari, ya saratani. Ni chakula. Kuna mtu alinunua kwangu kilo tatu, akabandika karatasi nyingine, akawauzia wagonjwa akiwaambia waache vidonge. Niligundua kwa bahati, kupitia binti wa mgonjwa mmoja aliyenipigia akilia. Nilimfuata yule mtu mpaka dukani kwake. Tangu hapo kila pakiti yangu imeandikwa "Hiki ni chakula, endelea na dawa zako". Nimepoteza wateja kwa maneno hayo na nitaendelea kuwapoteza. Mtu akiweka njia ya mkato mbele ya mgonjwa, Mungu atamwuliza, na mimi sitaki kuwa shahidi wa upande wake. Tuliozoea kuahidiwa mafuta na kuachiwa mbono, sisi ndio tusingepaswa kuahidi watu kisichokuwapo.

Utaniuliza, je, nishati nimeiacha? Sijaiacha. Spirulina iliyoharibika, iliyonyeshewa au kuanza kunuka, naitia kwenye mtambo wa biogesi pamoja na kinyesi cha ng'ombe. Peke yake haifai, protini yake nyingi inatoa amonia inayowakaba vijidudu wa gesi. Nachanganya ndoo moja kwa kumi za samadi. Moto wake ni wa buluu, tulivu. Chai ya asubuhi ya watu saba hapa kazini inachemkia hapo, na kila nikiiwasha namkumbuka baba. Naamini mafuta ya mwani yatakuja, kwa watu wenye maabara, miaka na subira ya fedha nyingi. Hayatakuja kwa milioni moja na laki saba ya kijana wa Kilosa aliyebakiwa na miguu yake tu.

Sasa turudi kwa mjomba wako. Umesema ana mashine ya kukoboa. Nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga kuna nini? Kuna mlima wa pumba. Karibu robo hadi theluthi ya gunia la mpunga, ukiondoa mchele, ni pumba na vumbi, na pumba peke yake ni kama kilo 20 katika kila 100. Wengi wanazichoma kando ya barabara, moshi unaingia madarasani. Huo ni moto uliokwishavunwa, uliokwishakauka, haujazama kwenye lita elfu kumi na mbili za maji. Kuna majiko ya pumba, kuna mitambo inayogeuza pumba kuwa gesi ya kuendeshea injini. Kama unachotaka ni kumpunguzia mjomba dizeli, anzia hapo, kamtafute fundi wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, Morogoro umuulize.

Na kama unachotaka ni mwani wenyewe, kama umeshikwa kama nilivyoshikwa mimi, basi rudi kwa uliyemuuzia pikipiki kabla hajaipaka rangi. Mwambie unaitaka. Elfu sitini inatosha kununua mabeseni mawili, bikaboneti, kitambaa na kipimajoto. Joto la Kilosa linafaa. Pumba za mjomba zitakaushia mavuno yako msimu wa mvua, kitu ambacho mimi hapa sina, na nakuonea gere.

Jumamosi ya wiki ijayo niko nyumbani kutwa. Njoo na chupa safi ya lita mbili, iliyosuuzwa kwa maji ya moto bila sabuni. Mbegu nitakupa bure, kama nilivyopewa. Kifuniko usikikaze.